Gari Kuukuu la Dizeli na Mlima wa Vuga

Katika Vuga, kama katika sehemu nyingi za milima ya Usambara, haja ya kuwa na motokaa ya nyumbani huzidi kuonekana mwaka hata mwaka. Mgonjwa hupelekwa hospitali usiku wa manane, watoto hurudishwa shule ya bweni, na magunia ya viazi, karoti na kabichi huteremshwa hadi Soni na Mombo. Familia isiyoweza kununua gari jipya, nayo ndiyo familia ya kawaida, hulazimika kutazama gari lililokwisha kutumika. Hapo ndipo swali huzuka: je, gari kuukuu la dizeli, ambalo mara nyingi huuzwa kwa bei kubwa kuliko la petroli la umri na ukubwa ule ule, lastahili bei yake?

Jibu linalosikika barazani na gerejini ni moja: "Dizeli inakula kidogo, na dizeli haifi." Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, lakini ukweli usiopimwa haumfai mtu anayetoa fedha. Na fedha hizo si kidogo. Aghalabu ni akiba ya miaka mingi, au ni mkopo wa chama cha akiba na mikopo utakaokatwa katika mshahara wa mwalimu kwa miezi 36 au 48. Akikosea katika uchaguzi wake, gari litalala uani likiota nyasi huku makato yakiendelea.

Hoja ya makala haya ni kwamba familia inayosafiri kidogo hairudishi ile bei ya ziada inayolipiwa dizeli, na kwamba hata anayesafiri sana hairudishi isipokuwa gari limejaribiwa mlimani kabla ya fedha kutolewa. Elimu inayohitajika kuamua jambo hili si ya siri wala si ya wahandisi peke yao. Karibu yote imo katika masomo ya fizikia na hisabati ya shule za sekondari.

Kwa nini dizeli hula kidogo

Mjerumani Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892, na mwaka 1897 injini iliyojengwa Augsburg ilipimwa na kuonekana kugeuza zaidi ya asilimia 25 ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo injini za mvuke za wakati ule hazikuweza hata kulikaribia. Siri yake ni mbano. Katika injini ya petroli mchanganyiko wa hewa na mafuta hubanwa hadi sehemu moja ya 8 hadi ya 12 ya ujazo wake, kisha cheche ya plagi huuwasha. Katika injini ya dizeli hewa peke yake hubanwa hadi sehemu moja ya 16 au hata ya 22, ikapata joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyizwa humo huwaka yenyewe bila cheche. Mbano ukiwa mkubwa, sehemu ya joto inayogeuka kuwa kazi nayo huwa kubwa zaidi.

Lakini iko sababu ya pili ambayo wauzaji hawaitaji. Lita moja ya dizeli ni nzito kuliko lita moja ya petroli: ya kwanza ina uzito wa gramu 840 hivi, na ya pili gramu 740 hivi. Kwa hiyo lita ya dizeli ina nishati ya megajuli 36 hivi, hali ya petroli ina megajuli 32. Ichukuliwe kwamba gari la petroli hutumia lita 11 kwa kilomita 100, na la dizeli lenye ukubwa ule ule lita 8.5. Nishati iliyomo katika lita 11 za petroli ni megajuli 352, ambazo kwa dizeli ni lita 9.8. Basi, katika lita 2.5 zinazookolewa, karibu nusu haitokani na ubora wa injini, bali na uzito wa mafuta yenyewe. Palipo na mizani, jambo hili laweza kuonyeshwa darasani kwa chupa mbili tu.

Mistari miwili ya gharama

Mnunuzi hanunui lita. Hununua safari kwa fedha. Ifuatayo ni hesabu ya mfano, na kila msomaji aweza kuweka tarakimu za kwake. Gari la petroli linauzwa shilingi 14,000,000 na la dizeli shilingi 18,000,000. Lita moja ya mafuta yoyote kati ya hayo mawili ni shilingi 3,000. Basi gari la petroli hutumia shilingi 330 kwa kila kilomita, na la dizeli shilingi 255. Ikiwa x ni idadi ya kilomita, gharama ya petroli ni 14,000,000 + 330x, na ya dizeli ni 18,000,000 + 255x. Mwanafunzi akichora mistari hiyo miwili katika karatasi ya grafu ataona kwamba hukutana x inapokuwa 53,333. Kabla ya hapo gari la petroli ni rahisi zaidi. Baada ya hapo ni la dizeli.

Sasa achukuliwe mwalimu anayekaa kilomita 6 kutoka shuleni kwake. Kwa siku 200 za masomo atakwenda kilomita 2,400. Safari ya soko kila juma, kilomita 40 kwenda na kurudi, itaongeza 2,000. Safari chache za Tanga au za mbali zaidi zitaongeza 1,500. Jumla ni karibu kilomita 6,000 kwa mwaka. Mwalimu huyo atafika kwenye makutano ya mistari baada ya miaka 9 kasoro kidogo. Gari lenyewe lilikuwa na miaka 15 alipolinunua. Kuna hakika gani kwamba litakuwa likitembea bado litakapotimiza miaka 24? Lakini mfanyabiashara wa mboga anayekwenda kilomita 25,000 kwa mwaka atafika hapo baada ya miaka miwili na kitu, na faida yote inayofuata ni yake.

Yafaa pia kujaribu hesabu hiyo kwa kubadili tarakimu moja moja. Mamlaka ya EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila mwezi, na uwiano wa petroli na dizeli haukai mahali pamoja. Dizeli ikipanda kuwa shilingi 300 zaidi ya petroli, akiba kwa kila kilomita hushuka kutoka shilingi 75 hadi 49.50, na makutano husogea hadi karibu kilomita 81,000. Au bei za mafuta zikibaki sawa lakini nozeli na pampu zikahitaji matengenezo ya shilingi 1,500,000, makutano husogea hadi kilomita 73,333. Kwa mwalimu wa mfano wetu hiyo ni zaidi ya miaka 12. Tengenezo moja tu limekula faida ya miaka mitatu.

Mlima nao una ankara yake

Itasemwa kwamba Vuga ni mlimani, na dizeli ina nguvu za mlima. Hoja hiyo yafaa kupimwa. Mombo iko kwenye uwanda wa chini, na kutoka hapo barabara hupanda kwa kona nyingi kupitia Soni. Ichukuliwe, kwa wepesi wa hesabu, kwamba gari lenye uzito wa kilo 1,500 pamoja na abiria hupandishwa mita 1,000. Kazi inayofanyika dhidi ya mvutano wa dunia ni 1,500 mara 9.8 mara 1,000, yaani megajuli 14.7. Injini ya dizeli inayotumia asilimia 30 ya nishati ya mafuta itahitaji lita 1.4 za ziada kwa kazi hiyo. Ya petroli inayotumia asilimia 25 itahitaji lita 1.8. Tofauti haifiki nusu lita. Anayepanda mara 100 kwa mwaka ataokoa kwa ajili ya mlima lita 48 hivi, ambazo kwa bei ya mfano wetu ni shilingi 144,000. Ni fedha, lakini si fedha za kulipia tofauti ya milioni 4.

Kinachobadilika zaidi mlimani ni hewa. Katika mwinuko wa mita 1,400, ambao ni kiasi cha mwinuko wa mji wa Lushoto, kanieneo ya hewa ni kama asilimia 85 ya ile ya pwani. Injini zote hupungukiwa nguvu hapo. Lakini injini ya zamani ya dizeli isiyo na turbo ina shida ya pekee: pampu yake hupeleka mafuta kwa kipimo kile kile ilichopimiwa uwandani, ilhali hewa ya kuyachoma imepungua. Mafuta yanayokosa hewa hutoka kama masizi. Ndiyo sababu gari lililoonekana safi Tanga au Dar es Salaam laweza kutoa moshi mweusi na kuchoka likipita Soni. Mwenye kulinunua kwa kulizungusha barabara ya tambarare amenunua mbuzi ndani ya gunia.

Kuteremka nako kuna ankara. Zile megajuli 14.7 zilizowekwa katika kupanda lazima zitoke wakati wa kushuka. Ni joto linalotosha kuchemsha lita 47 hivi za maji kutoka nyuzi 25 hadi 100. Sehemu ya joto hilo hubebwa na upepo na kwa kusuguana kwa matairi, nyingine na injini iliyo katika gia ndogo, na iliyobaki huziangukia breki. Injini ya petroli mguu unapoinuliwa huziba njia ya hewa na hivyo husaidia kuzuia gari. Injini nyingi za dizeli haziizibi namna hiyo, kwa hiyo mzigo wa breki waweza kuwa mkubwa zaidi. Breki za gari kuukuu la dizeli kwa mtu wa Vuga ni sehemu ya bei, wala si jambo la kuachiwa siku nyingine.

Jaribio kabla ya fedha

Mwanasayansi haamini kauli mpaka ijaribiwe, na mnunuzi hapaswi kuwa mwepesi kuliko mwanasayansi. Majaribio yafuatayo hayahitaji maabara.

Kwanza, gari likutwe baridi. Mnunuzi aguse injini kabla ya kuwashwa. Ikiwa ina joto, pengine imewashwa makusudi ili kuficha ugumu wa kuwaka. Basi na arudi siku nyingine asubuhi na mapema, hasa katika baridi ya Juni au Julai. Injini ya dizeli huishi kwa joto la mbano: ringi zikiwa zimelika, hewa huvuja, joto halifiki, nayo huwaka kwa kusumbua.

Pili, moshi utazamwe kwa rangi yake. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto waweza kuwa mafuta yasiyoungua, dalili ya mbano mdogo au nozeli mbovu, au waweza kuwa maji yanayoingia katika silinda. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa. Moshi kidogo mweusi wakati wa kukanyaga kwa nguvu husameheka. Wingu la kudumu halisameheki.

Tatu, kifuniko cha kujazia oili kifunguliwe injini ikinguruma taratibu. Mvuke hafifu si ajabu. Lakini gesi ikitoka kwa kupiga kama pumzi ya mtu aliyekimbia, inapita kando ya pistoni, na oveholi haiko mbali. Oili nyeusi katika dizeli si kosa, kwa kuwa masizi huichafua mapema; oili yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuogopa, kwani ina maji.

Nne, rejeta ifunguliwe ikiwa baridi tu, kamwe isifunguliwe ikiwa na moto, kisha injini iwashwe na maji yatazamwe. Mapovu yasiyokoma yaonyesha kwamba gesi ya silinda inapenya katika maji, yaani gasketi imeungua au silinda hedi ina ufa. Kumbuka kwamba katika mwinuko wa Lushoto maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima wa rejeta huongeza kanieneo na kupandisha kiwango hicho. Mfuniko mbovu huacha maji yachemke mapema, hasa mahali pa kupanda.

Tano, gari lipandishwe mlima likiwa na watu au mizigo, kutoka Mombo hadi Soni ikiwezekana. Mshale wa joto ukae mahali pake. Kisha literemshwe katika gia ndogo, na breki zisikilizwe na kunuswa.

Sita, fundi mwenye kipimo cha mbano cha dizeli apime silinda zote. Kipimo cha petroli hakifai, kwa maana mbano wa dizeli nzima hufika kanieneo ya bari 25 hadi 35. Kinachotafutwa zaidi ni ulingano: silinda moja ikiwa chini sana ya wenzake, ugonjwa umepatikana. Malipo ya fundi kwa asubuhi moja ni sehemu ndogo mno ya bei ya gari. Muuzaji anayekataa jaribio hili amekwisha kulijibu.

Mita ya kilomita haikutajwa katika orodha hii kwa sababu ni ushahidi dhaifu. Huweza kurudishwa nyuma. Ukanyagio wa klachi uliolika mpaka chuma, usukani uliong'aa na kiti kilichobonyea husema kweli zaidi.

Uimara haurithiwi

Imebaki ile kauli ya pili, kwamba dizeli haifi. Ni kweli kwamba injini ya dizeli hujengwa kwa chuma kinene ili istahimili mbano, na kwamba iliyotunzwa hudumu sana. Lakini uimara huo ni wa injini iliyobadilishwa oili na chujio kwa wakati, wala haurithiwi na mnunuzi kwa kuandikishana mkataba. Dizeli yenyewe ndiyo hulainisha pampu. Kwa miaka kadhaa nchini Tanzania mafuta ya taa yalichanganywa katika dizeli kwa sababu ya bei yake ndogo, hata Serikali ikaongeza kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuuondoa ushawishi huo. Mafuta ya taa hayalainishi vyema, na pampu iliyoyanywa kwa muda mrefu haiandiki historia yake popote. Vivyo hivyo dizeli ya dumu la kando ya barabara, yenye maji ndani yake, huharibu nozeli.

Aidha, dizeli za karne hii si zile za babu zao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 magari mengi yamekuwa na nozeli zinazoendeshwa kwa umeme na pampu zenye kanieneo ya zaidi ya bari 1,000. Hutumia mafuta kidogo na hazina kelele nyingi, lakini hazivumilii uchafu, na gereji nyingi za vijijini hazina vyombo vya kuzipima. Baadhi zina chujio la masizi katika ekzosi, ambalo hujisafisha gari linapokwenda mwendo mrefu wenye moto. Safari za kilomita 6 za mwalimu wa Vuga hazilipi nafasi hiyo; chujio litaziba. Mnunuzi wa gari la namna hiyo amenunua chombo kilichoundwa kwa maisha yasiyo yake.

Wala moshi si hasara ya mwenye gari peke yake. Mwaka 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vya mwaka 2015 vilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 katika milioni, na hiyo ni hatua njema. Lakini mafuta safi hayatibu pampu iliyoharibika. Watoto wanaokwenda shule kwa miguu kando ya barabara nyembamba za Usambara, ambazo upande mmoja ni ukingo wa mlima, ndio wanaouvuta moshi huo wa kwanza.

Basi ushauri waweza kusemwa kwa maneno machache. Anayekwenda chini ya kilomita 10,000 kwa mwaka, hasa kwa safari fupi, asilipe ziada kwa sababu ya neno dizeli. Gari la petroli lenye afya litamfaa zaidi, na zile milioni zinazobaki ziwe akiba ya matairi, breki na spea. Anayebeba mizigo kila juma na kwenda mbali, dizeli yamfaa, kwa sharti kwamba ipite majaribio yote yaliyotajwa, na kwamba yuko fundi wa karibu anayeijua aina hiyo ya injini. Gari linaloshindwa jaribio la rejeta au la mbano lisinunuliwe hata kwa nusu ya bei, isipokuwa na mtu mwenye fedha za oveholi mkononi.

Walimu wa fizikia na hisabati wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo la vipindi viwili. Gari lolote linaloingia uwanjani mwa shule laweza kujazwa tangi hadi juu, kutembea kilomita 100 na kujazwa tena, ili wanafunzi wapate kiwango chake cha kweli cha mafuta badala ya kile cha kusimuliwa. Kisha wachore mistari yao miwili kwa bei za mwezi ule. Wengi wao watarudi nyumbani ambako baba, mama au mjomba anafikiria kununua gari, na huenda karatasi hiyo moja ya grafu ikawekwa mezani siku dalali atakapokuja.